Ruhusa ya Sauti ya Menza

Leipzig, 4 Februari 2024

Mama Menza mpendwa,

Shikamoo mama. Natumai ujumbe huu utakukuta salama, wewe na Baba Ruwa. Vipi sukari yake? Ule mguu uliokuwa ukimvimba umepungua? Mimi sijambo, baridi tu ndiyo inayonionea. Mwambie mdogo wetu Judy salamu zake nimezipata, na asome.

Mama, sikuja kumzika Menza, na tangu Agosti kila nikitaka kukuandikia naona haya. Habari ya lile trela lililomgonga Changamwe ilinikuta kazini. Nilibaki kwenye kiti mpaka watu wote wakaenda makwao. Nimekuja na jambo lake.

Unaijua programu aliyomtengenezea Baba baada ya macho kuzima, ile inayosoma maandishi kwa sauti ya Menza mwenyewe. Alitaka iwafikie wasioona wote wanaosema Kiswahili. Nami jioni zangu hujitolea kufungasha programu, yaani kuziandaa ziingie kwenye mfumo mmoja huru wa kompyuta, ambao mtu yeyote duniani huupata bure na kuutumia apendavyo. Nikiifungasha ya Menza, mtoto wa shule ya wasioona kule Kisauni ataipata sawa na aliye Lamu. Tena kompyuta ya Baba imezeeka. Ikifa leo, sauti imekwenda nayo, maana mifumo mipya haitaikubali programu hiyo kama ilivyo.

Kikwazo ni kwamba Menza hakuandika popote kuwa anaruhusu watu waitumie. Kwa sheria ya kazi hizi, mwenye kazi akinyamaza, amekataa. Na akifa, kazi ni ya warithi wake. Basi naomba ruhusa kwenu, kwa maandishi, yenye sahihi ya kila mrithi.

Mwanao,
Maxwell

*

Bofu, Likoni, 19 Februari 2024

Mwanangu Maxwell,

Marahaba. Hatujambo kwa neema ya Mungu. Mguu wa Baba yako umepungua, mdomo ndio haujapungua. Mamako Mwende nilimwona kanisani Jumapili, kanenepa, anakusalimu na anauliza utaoa lini. Naandika kwa kidole kimoja, usinihesabie makosa.

Sasa wewe, Mkamba niliyekulisha wali wa nazi mpaka ukapata mashavu, ndiye wa kuniletea habari ya karatasi? Ati Menza alinyamaza! Menza alikuwa akisema tangu anapoamka hadi tunapomwomba alale. Na hiyo sheria inayosema maiti amekataa, aliitunga nani? Kwetu mtu akifa ukoo hukaa matangani, vitu vyake vikatajwa, kila kitu kikapata wa kukishika. Tulikaa Kaloleni, tukamaliza. Mashati kwa huyu, baiskeli kwa yule, laptopu kwa baba yake mdogo, Munga. Sauti haikutajwa. Nani angeitaja sauti?

Kila jioni baada ya chai Baba yako huifungua ikamsomea Zaburi, kisha habari za mpira. Mimi huwa jikoni, natega sikio mpaka sufuria inakauka maji. Ukifika kwenye "nya" utasikia jogoo, kwa sababu alirekodi silabi moja moja, na kwenye hiyo jogoo wa jirani aliwika na yeye akaona uvivu kurudia. Kwa hiyo kila nyama ina jogoo, kila nyasi ina jogoo, na nyanya ina majogoo wawili. Baba yako hucheka peke yake kwenye kiti.

Nijibu hili, bila kunizungusha. Huo uhuru wenu una mpaka? Mtu mwenye roho mbaya akitaka mwanangu aseme matusi, atasema?

Na Judy anauliza, je, ainakili ile ya kwenye kompyuta ya Baba kwa flashi akutumie sasa hivi, karatasi zifuate baadaye?

Mama yako,
Mama Menza

*

Leipzig, 25 Februari 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia mguu umepungua. Mama Mwende umwambie nitaoa nikimpata anayejua kupika kama nyinyi, kwa hiyo asingoje.

Umeniuliza bila kuzungushwa, nami nakujibu hivyo. Hauna mpaka. Mtu mbaya akitaka, Menza atasema matusi. Siwezi kuandika "isipokuwa" kwenye leseni, yaani hiyo karatasi ya ruhusa, kwa sababu leseni yenye isipokuwa si huru. Programu yake huwekwa kando, na kompyuta za mashule hazifungui huko kando. Nimelifikiria usiku na mchana na sikupata njia nyingine.

Liko na la pili. Kuna kampuni ya ng'ambo inayoshikilia hataza ya namna fulani ya kuunganisha vipande vya sauti ili visikwaruzane. Hataza maana yake njia hiyo ni yao kwa miaka mingi, hata kwa mtu aliyeibuni mwenyewe akiwa Bofu bila kuwajua. Menza aliniambia zamani kwamba anatumia njia kama hiyo, na wenzangu hawatapokea kitu chenye kesi ndani yake. Si jambo la kututisha. Tutaitoa sehemu hiyo tuweke nyingine, mimi mwenyewe nitaifanya. Ila nahitaji maandishi ya asili, yale aliyoyaandika kwa vidole vyake, yaliyomo kwenye laptopu. Programu iliyokwisha kuundwa ni chapati iliyokwisha kuiva, huwezi kuitoa chumvi. Mwambie Baba mdogo Munga aitunze hiyo laptopu kama yai.

Judy asinakili chochote kwa sasa. Wenzangu huuliza kila kitu kimetoka wapi na kwa ruhusa ya nani. Nikileta kitu kilichochukuliwa kabla ya ruhusa, watakifungia mlango moja kwa moja, na mimi nitaondolewa. Nimeona programu nzuri zikitupwa kwa ajili ya jambo hilo. Haraka haraka haina baraka, mama. Sahihi kwanza.

Mwanao,
Maxwell

*

Bofu, Likoni, 7 Aprili 2024

Mwanangu Maxwell,

Marahaba, kama umenisalimu moyoni. Sisi wazima. Mvua zimeanza, paa linavuja palepale.

Nilikukasirikia, ndiyo maana nilinyamaza. Nilisema mtu huyu anataka nimtoe mwanangu barabarani kila mpita njia amsemeshe atakavyo. Nilimzika mara moja, sikutaka kumzika tena kwa midomo ya watu. Nikamwambia Baba yako sitii sahihi. Kisha jioni moja programu ilikuwa inamsomea, akaisimamisha, akaniita.

"Abee," nikamjibu.

Akasema, "Huyu mtoto, alipokuwa hai, kuna mtu asiyesema naye?"

Nikamwambia hakuna.

"Walevi je? Wale makanga wa matatu pale ferry wenye midomo michafu?"

"Hao ndio walikuwa marafiki zake."

"Na matusi alikuwa hayajui?"

Nikacheka, Maxwell, nikalia, vyote pamoja. Akasema, "Basi mwache aende kwa watu. Sisi tutabaki na wake wa hapa nyumbani."

Basi nimekubali. Baba yako ametia dole gumba, mimi nimetia sahihi, Judy ametia. Munga ndiye aliyetuchelewesha, zamu zake za bandarini hazina mwisho, lakini jana alikuja akatia sahihi kwa niaba ya ukoo. Picha ya karatasi hii hapa. Sasa hamna wa kukuuliza.

Na kuhusu laptopu usiwe na hofu, ni safi. Kitu cha aliyekufa kwa damu barabarani hakishikwi hivihivi. Nguo tulifua, kitanda tukakiosha. Munga alitaka kuondoka na laptopu siku ileile ya matanga, mimi nikasimama mlangoni. Nikamwambia haitoki hapa ikiwa na mauti ndani, wewe una watoto. Pasta akaiombea, kisha nikaipeleka mwenyewe kwa fundi hapa Likoni, akaondoa kila kilichokuwamo mpaka ikawa kama imetoka dukani. Nilikaa hapohapo mpaka akamaliza, maana mafundi nawajua. Haikubaki hata herufi moja ya kumsumbua mtu. Munga anaileta Jumamosi, utaikuta tayari kwa kazi yako.

Mama yako,
Mama Menza

*

Leipzig, 8 Aprili 2024

Mama, shikamoo. Nisamehe siulizi hali.

Judy anakili kompyuta ya Baba sasa hivi. Yote, si programu tu. Aweke kwenye flashi, kisha aweke kwenye simu, kisha anitumie. Achaneni na nilichosema kuhusu ruhusa. Kilichofutwa kwa fundi ndicho nilichokuwa nakitafuta, na cha Baba ndicho kilichobaki peke yake duniani.

Nimepiga simu zenu, hazipatikani. Nitaendelea kupiga.

Maxwell

*

Bofu, Likoni, 2 Mei 2024

Mwanangu Maxwell,

Hatujambo. Nasema hatujambo kwa kuwa ndivyo inavyosemwa.

Nimechelewa kukuandikia kwa sababu sikujua nianzeje. Ile siku ya Aprili uliyotuma ujumbe, mvua ilikuwa imeangusha nguzo, Bofu nzima giza, simu zote zimekufa. Stima iliporudi ilirudi kwa nguvu. Baba yako alikuwa kwenye kiti chake anangoja, akaibonyeza kompyuta mwenyewe kama ilivyo kawaida yake. Ikalia kidogo, kisha ikatoka harufu. Tulipochaji simu ndipo tukausoma ujumbe wako. Judy aliusoma kwa sauti, na Baba yako yupo hapohapo anasikia.

Judy ameipeleka kwa fundi wa hapa, akaipeleka na Changamwe. Wote wamesema kilichoungua ni kile kinachotunza vitu. Flashi alikuwa nayo kwenye mkoba tangu Februari, ulipomkatalia. Uliniambia haraka haraka haina baraka. Mbona hukukumbuka kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo? Nimeandika hilo kwa hasira na silifuti. Mimi na kufuta basi.

Kwa maana aliyefuta ni mimi. Munga angeichukua siku ile na uchafu wake wote, leo tungekuwa na Menza. Nilikaa pale kwa fundi nikihimiza, nikimwuliza, umeondoa yote? Una hakika ni yote? Na nikamshukuru.

Vijana wa kanisani wamemletea Baba yako kompyuta nyingine yenye sauti ya mtu mgeni. Ikamsomea Zaburi nusu. Akauliza, "Huyu ni nani?" Tukamwambia ni mashine tu. Akasema izimwe. Sasa saa ya chai ikifika anakaa palepale, mikono mapajani.

Mama yako,
Mama Menza

*

Leipzig, 9 Mei 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Baba pia, shikamoo yake umfikishie, ingawa sijui kama ataitaka.

Hasira yako ni halali yangu. Sahihi zote zilikuwa zinakuja, na mimi nikawa naogopa swali la watu ambao hata sura zao sizijui. Ningemwambia Judy "nakili" kwa neno moja.

Niliipeleka karatasi yenu kwa wenzangu hata hivyo, nikatumaini sijui nini. Wakaisoma, wakasema haina kasoro, na mmoja akasema ndiyo ruhusa iliyo wazi kuliko zote alizowahi kuziona. Kisha wakauliza programu yenyewe iko wapi. Niliwajibu kwamba haipo. Wamelifunga jambo.

Nimepekua kila kitu ambacho Menza aliwahi kunitumia. Zamani, alipokuwa anaanza, alinitumia vipande vichache vya sauti nimwambie kama vinasikika vizuri. Ndivyo vilivyobaki. Kuna "ta", kuna "li", kuna "ma", na kuna "nya", ile ya jogoo. Havitoshi kusoma hata mstari mmoja, na siwezi kukuahidi chochote juu yake. Nilivisikiliza mara moja nikashindwa kurudia. Ukivitaka nitakutumia. Usipovitaka nitaelewa.

Mwanao, kama bado,
Maxwell

*

Bofu, Likoni, 26 Mei 2024

Mwanangu Maxwell,

Marahaba. Baba yako ameipokea shikamoo yako, akasema marahaba kwa sauti. Sukari imepanda tena na mguu umerudi kuvimba. Chakula anakula tukimlazimisha.

Usiandike tena hayo ya "kama bado". Mwana haachi kuwa mwana kwa sababu ya kompyuta. Na msamaha usiniombe, maana ukiniomba wewe itabidi na mimi nimwombe mtu, na wa kumwomba hayupo. Maji yakimwagika hayazoleki.

Ila nakuagiza, na hili ni agizo la mama. Wewe nawe unaandika mambo yako kwenye mashine huko. Kaa chini leo uandike unamruhusu nani na nini, ungali hai, karatasi umpe Mwende. Usituachie kimya chako sisi wazee tukakitafsiri.

Ile "nya" ya jogoo kaa nayo mwenyewe. Ukiwa na baridi huko uisikilize, ukumbuke nyumbani kuna mtu alikuwa mvivu. Hizo "ta" na "li" sina haja nazo.

Nitumie "ma". Judy anasema simu inaweza kukirudia kipande, nami sihitaji irudie sana. Nataka iseme, kisha iseme tena mara moja. Nitakuwa jikoni.

Mama Menza