Udi Niliofukiza Garini

Zuwena kanunua gari! Tena si gari la kubebea mboga, Baba Zuwena. Ni lile lako. Lile la Kimarekani lenye pua ndefu na uso uliokunjwa, milango miwili tu, mlio wake unaupata mbavuni kabla haujafika masikioni. Waliolitengeneza zamani wamelitoa upya, umbo la kale, tumbo la kisasa. La mkono wa pili, lakini ukiliona utaapa limetoka dukani jana. Buluu iliyoiva!

Sasa nikusalimu. Assalamu alaykum, mume wangu, Mungu akupe nuru na nafasi huko uliko. Niwie radhi nimeanza na gari. Ungekuwa wewe ndiye unayeandika ungeanza nalo pia.

Mwaka wa pili huu tangu utuache. Mie nipo. Nimechoka, lakini nipo. Bado nakaa hapa Jeddah, Al-Mahjar, ghorofa ile ile ya pili, na naona ngazi zimeongezeka, sijui nani anakuja kuziongeza nikilala. Mashine yako ya kushonea viti vya magari iko pale pale dirishani, naipangusa vumbi. Ikama yangu, kibali cha kukaa nchi hii, imekwisha kufanywa upya. Zuwena kaimaliza kwenye simu, amekaa, anakunywa chai. Wewe ulikuwa ukishinda foleni kutwa nzima na bahasha kwapani. Mama Hidaya wa chini mzima, na mlango wake uko wazi vile vile, apate kuona nani kaleta nini.

Na mwanao sasa ni injinia. Nataka nilitamke mwenyewe, mie niliyeishia darasa la tano. Injinia wa umeme! Yuko Riyadh, mtaa wa Olaya, kwenye jengo refu la vioo, na wanaume wenye ndevu zao wanasimama kumsubiri aweke saini ndipo umeme uwashwe. Anakaa Al-Murabba na msichana mmoja wa Kikenya, muuguzi, mtoto mwenye adabu. Nilipokwenda kumtembelea alinipandisha treni ya mjini, haina dereva. Nikamshika mkono nikasoma nyiradi zote ninazozijua. Yeye anacheka tu.

Kwani unakumbuka ulivyokuwa ukimlisha uji? Hafungui mdomo mpaka ungurume kama lile gari la yule mzee uliyemshonea viti ujana wako. Unanguruma, anafungua, kijiko kinaingia. Ulishona viti vya lile gari siku nne, lakini kukaa nyuma ya usukani hukukaa hata dakika moja, mwenyewe hakutaka. Hadithi hiyo nimeisikia mpaka nikawa naweza kuisimulia mie. Na Zuwena naye aliisikia. Aliponipigia kusema kaliona moja linauzwa, mwenyewe kijana wa Kisaudi hapo hapo Riyadh, nililia. Nikapanda basi siku ile ile.

Lakini kabla sijapanda basi nilishuka chini kwa Mama Hidaya. Unanijua. Wiki hiyo alikuwa kanichoma, kasema mbele za watu, "Mwanao injinia mzima na bado anagombea nafasi kwenye treni?" Nikamwambia, "Subiri, dada yangu. Utafungua mlango huu utaona kitakachosimama hapa." Nikamwambia na muuza mkate. Nikamwambia na mke wa imamu, ambaye hakuniuliza.

Sasa nisikilize, Baba Zuwena, maana habari si hiyo niliyoanza nayo.

Yule kijana alikuwa muungwana. Alituachia gari siku nzima tulikague. Tukalipeleka kwa watu wa ukaguzi, wakaliinua, wakachomeka kompyuta yao, wakatupa karatasi: injini nzima, bodi nzima. Mazulia ya chini hawakuyagusa. Tukarudi nalo hadi Al-Murabba, tukaliegesha kivulini. Zuwena akakaa ndani, akashika usukani, akavuta pumzi, akaniambia, "Mama, mbona kama linanukanuka?"

Nikainama nikaingiza kichwa.

Ilikuwa ile harufu. Unaijua. Zile mvua za Jeddah zilizofanya barabara mito, magari yakaletwa karakanani kwenu kwa winchi, wewe ukawa unang'oa mazulia na sponji siku nenda siku rudi. Ulikuwa ukirudi na tope kwenye kucha, nami nafua nguo zako mara tatu na harufu haitoki. Harufu ya tope lililofungiwa. Ukiniambia, "Hili limekunywa, Mama Zuwena. Wataliosha, watalipaka mafuta ya ngozi, watalipeleka mbali kwa watu wasioijua mvua yetu." Basi mtu aliyepelekewa mbali ni mwanao, na mtu anayeijua mvua yetu alikuwa pale pale, kichwa ndani ya mlango.

Nikasema, "Ngozi hiyo, mwanangu. Magari ya Kimarekani yana harufu yao."

Nilisema hivyo. Wallahi nilisema.

Kisha nikasema watu wana macho, gari kama hili lazima lifukizwe. Chetezo nilikuja nacho kwenye mkoba, na udi, ule mzuri wa siku za harusi. Nikawasha makaa, nikakaa kiti cha mbele, nikafunga vioo vyote, nikafukiza mpaka machozi yakanitoka. Zuwena nje anagonga kioo, "Mama, unalifukiza kama bi harusi! Toka, utakufa humo!" Nikatoka nikikohoa. Akaingia yeye, akavuta pumzi, akatabasamu.

Yule kijana alipokuja naye alisifu udi. Akasema ile kauli yao ya mnadani, kwamba anamuuzia sukari iliyokwisha yeyuka kwenye maji. Wewe ndiye uliyenifundisha maana yake: ukikubali, basi halas, kesho usije na lawama, ulikuwa na pua na mikono na ruhusa ya kutafuta kasoro. Zuwena akanitazama. Alikuwa ananiuliza kwa macho, maana mie ndiye mke wa fundi. Nikamwambia, "Chukua, mwanangu."

Nilitaka lisimame mlangoni kwa Mama Hidaya. Hakuna sababu nyingine, nimeitafuta.

Wiki ya kwanza alinipigia akicheka, vioo vimeshuka vyenyewe mbele ya ofisi yake. "Mama, lina jini hili." Nikacheka naye. Wiki ya pili redio ikawaka yenyewe, taa za dashibodi zikawa zinacheza kama maduka ya dhahabu. Akasema ni fyuzi, atalipeleka kwa fundi akipata nafasi. Mie nasema haya, mwanangu. Jana akaniambia lilizimika barabara kuu, taa zote, usukani ukawa mzito kama jiwe, kisha likawaka tena. Kalisema upesi upesi, kama mtu anayepita. Akaongeza, "Usijali. Alhamisi asubuhi naondoka nalo, jioni niko kwako, niwahi hitima ya Baba."

Riyadh mpaka Jeddah, Baba Zuwena. Jangwa lile lote, malori yale, peke yake, ndani ya gari lililokunywa maji. Ili liingie mtaani watu wakiwa vibarazani, kama mama yake alivyomuomba.

Nimekaa mbele ya mashine yako nakuandikia, eti nakuletea habari njema. Wewe hukuwahi kumfungia mtu kiti juu ya zulia bovu. Hata yule mteja aliyekutukana ulimwita ukamwonyesha tope. Na mie niliyekula kwa mikono hiyo miaka yote...

Ngoja. Naweka kalamu chini. Nampigia.

Nimerudi.

Nimemwambia yote. Harufu, udi, Mama Hidaya. Sikuacha kitu. Zuwena akasema, "Mama, ulijua?" Nikasema nilijua. Akasema, "Jana nyuma yangu kulikuwa na lori, Mama." Basi. Akakata.

Nikakaa. Adhuhuri ikaadhiniwa, nikaswali, nikakaa tena juu ya mswala. Niliwaza kama hatanisamehe nitamlaumu nani. Kisha simu ikalia, ni sauti kairekodi. Nimeisikiliza mara nne. Anasema kanyanyua zulia upande wa dereva, tope liko chini, limekauka, na nyaya zimeota kutu ya kijani. Kalifunga, ufunguo kampa yule muuguzi auweke. Anakuja kwa basi. Halafu anasema, nakuandikia maneno yake kama yalivyo: "Na kwenye hitima ya Baba, Mama, usiwaambie gari liko gereji. Utawaambia ulichofanya. Wewe mwenyewe, na Mama Hidaya akiwepo."

Sauti yako tupu, Baba Zuwena. Ile ya chini, isiyopanda. Na mie, astaghfirullah, hata hapo nikaona fahari. Nikasema moyoni, huyu ndiye niliyemzaa, atasimama mbele ya mtu yeyote.

Nakuaga hapa, mkono umechoka. Sikuachi, nakuaga tu. Sitakudanganya kwamba siogopi. Miaka arobaini nimejisifu mtaani humu, sijawahi kusimama kusema kitu kingine. Mama Hidaya ataweka mkono mdomoni, mke wa imamu atatazama sakafu. Nakuahidi nitasema kabla kisomo hakijaanza, nikiwa nimesimama, wala sitamsingizia yule kijana wala jini. Biriani nitapika mwenyewe. Dada yako anakuja kutoka Makka na wajukuu, mafundi wenzako wamesema watakuja wote, majirani wa chini wanakuja wote, na Zuwena atakuwa amefika.

Ni Ijumaa hii, baada ya Alasiri.