Mikaratusi Juu ya Chemchemi

Jumamosi, 6 Julai
Nimefagia, nimekwenda kukinga maji. Ndoo moja inajaa taratibu, ningeweza kumenya ndizi za mchana zote. Chemchemi inakufa, na sababu iko juu yake: mikaratusi ya Ta Rwegasira, inayonyonya maji yote. Mwenyewe amekubali ikatwe. Sharti lake moja: kitongoji kizima kije, asiachiwe kazi peke yake. Kazi ilikuwa leo. Tumekuja wanne, mmoja bila panga. Tumerudi.

Jumapili, 7 Julai
Nimetangaza tena kanisani. Wote wameitikia. Kuitikia hakuwashindi. Jirani yangu Ma Kokugonza kaniambia mlangoni, "Mwanangu, hiyo chemchemi itakuoa?" Watu wamecheka. Mimi sijacheka. Pale kwenye chemchemi yeye ndiye mwenye madumu mengi kuliko wote.

Jumamosi, 13 Julai
Hakuna mtu. Kwenye semina moja walituambia wanaoishi pamoja hutunza mazingira pamoja. Waje hapa Kihanga. Huku tunaishi pamoja na kila mmoja anamngoja mwenzake. Ingekuwa chemchemi yangu peke yangu ningeshamaliza. Nimewachoka.

Jumanne, 16 Julai
Mama yake Ta Rwegasira amefariki alfajiri. Jua halijapanda, ua umejaa. Mapanga, majembe, mikungu ya ndizi, maharage. Hakuna aliyebembelezwa. Nimemlilia bibi. Kisha nimelia kwa hasira.

Jumatano, 17 Julai
Asubuhi vijana walitafuta miti ya kusimamishia maturubai na magogo ya kukalia. Nikasema ipo juu ya chemchemi. Ta Rwegasira akaitikia kwa kichwa. Kufika saa sita hakuna mkaratusi uliosimama. Ma Kokugonza alikuwa anaburuta miti kama fahali.
"Kumbe nguvu unazo!"
"Hizi ni za msiba," akanijibu, hata hakugeuka.
Halafu wakafyeka nyasi zote za ukingoni mwa chemchemi, wakatandika ndani wafiwa wakalie. Nyasi zilezile tulizokubaliana zisiguswe, maana ndizo zinazotunza maji. Msibani utasema nini? Hawa watu!

Alhamisi, 18 Julai
Tumezika. Nimeosha masufuria mpaka mikono inauma.

Jumapili, 4 Agosti
Visiki vimechipua. Nilijua. Mkaratusi ukiukata ukauacha, unarudi. Safari hii sikutangaza popote. Baada ya ibada nimekwenda mwenyewe na panga na dumu. Nimemkuta Ta Rwegasira amechuchumaa, anavunja machipukizi kwa mkono. Shikamoo. Marahaba. Basi. Nikaanza upande wa pili.
Baadaye akaja Ma Kokugonza na dumu. Akalitega. Maji bado ni kidogo. Alipochoka kungoja akaanza kuvunja machipukizi ya kisiki kilichokuwa karibu naye. Sikumtazama sana, asije akaacha.
Dumu lake lilijaa. Akaliondoa, akatega langu, akarudi kwenye kisiki.