Waliokuja na Babu

Cayenne, 3 Machi 1994

Mama mpendwa,

Shikamoo. Kifua kinaendeleaje? Mimi sijambo, ila damu yangu sasa ni mali ya mbu.

Nimefika kambi ile Mfaransa alikowaleta Babu na wenzake kutoka kwetu, ng'ambo ya bahari, wafungwe. Msitu umeila. Zimebaki nondo za vyumba, na mizizi imezishika kama inamzuia mtu asitoke. Hakuna ndege anayelia pale. Mwenye mtumbwi alikataa kushuka: "Nenda wewe, ndugu zako hao. Mimi nina watoto."

Makaburi hayana alama. Nikachoma udi, nikaita: "Babu, twende nyumbani, binti yako anakusubiri." Jina sikulitaja, ulinifunza adabu: jina la mzee halitamkwi. Nikatupa sarafu mbili kumwuliza kama anakubali. Moja kichwa, moja mgongo: ndiyo, papo hapo. Nikachota udongo uwe badala ya mifupa yake, nikautia katika kigudulia.

Kurudi, mtumbwi ulididimia kwa uzito, maji karibu yaingie. "Umepakia nini?" mwenyewe akauliza. Nikamwonyesha kigudulia. Hakucheka.

Rafiki yangu Lục anasafiri kesho kuja huko, atakuletea. Uuzike udongo huo kando ya kaburi la Bibi.

Mwanao,
Khoát

Nghệ An, 20 Aprili

Mwanangu,

Salamu nyingi. U mzima? Daktari ameacha kunikemea, nayo si dalili nzuri.

Udongo tumeuzika. Tangu hapo, nikimwekea baba wali kwenye madhabahu ya wazee wetu hapa nyumbani, unapoa mara moja, kama umepulizwa na vinywa vingi. Mbwa kahamia kwa jirani. Asubuhi uani kuna nyayo za matope, zote za hatua moja, kama za watu waliofungwa mnyororo mmoja.

Mjinga wewe! Uliita "Babu" tu? Pale kila mmoja ni babu wa mtu! Rudi ukaite jina lake, Cương. Tangu utotoni sijalitamka jina hilo. Leo ruhusa natoa mimi. Nataka kujua kama baba yangu yumo kabla sijafa.

Mama yako

Cayenne, 29 Mei

Mama,

Shikamoo. Umeamkaje? Nimeita "Cương" mpaka sauti imekauka. Sarafu zimekataa kila mara. Na ndege wamerudi, Mama, wanapiga kelele kama sokoni. Hakuna aliyebaki huku.

Funga mlango. Nakuja.

Khoát wako

Nghệ An, 18 Juni

Mwanangu,

Natumai hujambo. Usihangaike, nimemjua. Nililitamka jina lile mlangoni. Asubuhi nyayo zote zilikuwa zimepita, isipokuwa jozi moja, imesimama mbele ya kiti changu, vidole vikinielekea. Wengine nimewaambia wakae. Wana pa kwenda?

Leo nimekuta bakuli ambalo sikuliandaa mimi, vijiti vya kulia vimesimikwa wima katikati ya wali, kama tunavyowawekea wafu. Limewekwa mahali pangu pa kula. Kifua hakiumi tena.

Ukifika, usiite "Mama" tu. Niite kwa jina.

Mama yako,
Nhạn