Sahani Nyeupe

Ijumaa, Suna

Bado uso unaniwaka kwa aibu. Naandika kwa kalamu nene nyeusi, maana wino wa buluu hunipotea kwenye karatasi.

Asubuhi daktari wa macho kule Homa Bay alinieleza kwa upole. Katikati ya kila jicho pamekufa, kwa hivyo nikitaka kumwona mtu nitazame kando yake, juu ya bega. Nitamwona, ila si vizuri kama zamani, na vitu vyenye rangi zinazokaribiana vitanipotea. Nilirudi na nafuu kidogo moyoni. Angalau nilijua.

Jioni nikamweleza mama mkwe.

"Min Achieng, wewe unajifanya," akasema, akiniita mama wa Achieng kama kawaida yake. "Nikiingia unatazama ukuta, halafu unajua nimevaa nini. Leo tutajua."

Akaniwekea sahani mbele yangu. "Ugali ndio huo. Kula."

Harufu ilikuwa imejaa nyumba. Ugali mweupe kwenye sahani nyeupe siuoni hata nikitazama kando, basi nikanyoosha mkono nimege. Vidole vikagonga sahani tupu.

Mama mkwe akacheka. Hilo nililitarajia. Lakini kulikuwa na kicheko kingine, chembamba, upande wa mlango. Nikageuza macho, nikatazama ukuta ili nimwone mwenyewe.

Alikuwa Achieng, binti yangu, amejiziba mdomo kwa mkono.

"Nikuongeze?" mama mkwe akauliza.

Nikamwambia asante mama, nimeshiba. Kisha nikaenda kunawa mikono.