Mfereji Uliopaswa Kubaki Mkavu

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepunguza maumivu na uchovu wa safari umeshakutoka. Mapacha wanakusalimu, wanauliza bibi atarudi lini. Sisi huku ni wazima wa mwili. Moyo ndio haujatulia, kwa hiyo tafuta kiti ukae kwanza.

Mahindi ya shamba la chini yameharibika. Ulipoondoka yalikuwa kijani cha kupendeza macho. Sasa majani ya chini yamekuwa manjano, na kila siku umanjano unapanda. Mkweo alimwita mtaalamu wa udongo. Alitoboa ardhi, akapima, akasema mbolea ipo, ila maji yameisukuma chini, mahali ambapo mizizi haifiki. Na lile shamba, mama, ndilo linalotulisha mwaka mzima.

Unakumbuka mkweo alivyokueleza mezani huku wewe unasinzia? Msimu huu tunamwagilia mfereji mmoja, tunaruka unaofuata, na mbolea tumeifukia kwenye ile iliyorukwa. Maji yanapenya polepole kutoka pembeni, mizizi inakunywa na kula palepale. Ukifungulia maji mfereji wenye mbolea, nitrojeni, ile inayoyapa majani ukijani, inayeyuka na kushuka nayo. Ulituambia sisi vijana wa siku hizi ni wachoyo hata kwa mimea. Tulicheka sana.

Sasa hacheki mtu. Mkweo alimwita yule mwagiliaji wetu, tuliyembandika jina la Taratibu kwa sababu hajawahi kuonekana akikimbia. Alimuuliza nani kafungulia ile mifereji mikavu. Taratibu aliangalia chini, akajibu kwamba maji ni kazi yake, basi lawama ni yake. Mkweo alipandwa na hasira, akamfukuza kazi, akamwambia ahame chumba anachokaa na mkewe nyuma ya ghala kabla mwezi haujaisha. Miaka yote ile aliyotufanyia kazi, mama, imeishia kwenye sentensi moja.

Sikuamini. Nilimfuata kwake, nikamkuta mkewe anafunga masufuria kwa kamba. Salamu yangu aliipokea nusu. Nilimbana Taratibu mpaka akasema. Alasiri ile tulipowapeleka mapacha hospitali, alikukuta wewe shambani, jembe mkononi, unafungulia mfereji baada ya mfereji huku ukiyapa mahindi pole. Anasema alikuambia bosi amekataza, nawe ukamjibu kwamba asiyeona huruma kwa kitu chenye kiu hafai kuishi na watoto. Akaona hawezi kumnyang'anya jembe mama mkwe wa bosi. Na alipoulizwa, alipiga hesabu zake: kazi ataipata kwingine, lakini mkwe na mkwe wakikosana, nani atawapatanisha? Nilitaka kucheka, nikalia.

Mama, nimekutaja. Nilimwambia mume wangu jikoni, hata mikono hajanawa. Najua ulifanya kwa huruma, tena kwa ajili yetu, na usiku huo nililala nikijiona mtoto asiye na adabu. Lakini nisingeweza kumwangalia yule mwanamke akibeba masufuria yake hadi barabarani.

Kibaya zaidi, hakuniamini. Anasema namkingia Taratibu kifua kama kawaida yangu, na kwamba ni aibu kumsingizia mzazi. Amesema atamrudisha kazini endapo tu atalisikia neno hilo kinywani mwako. Anakuja kwako Jumamosi. Shati ameshapiga pasi. Barua hii nimempa dereva wa basi la asubuhi ili ikutangulie.

Nakujua, mama. Wewe hukubali kukosolewa hata kwa chumvi ya mboga, sembuse mbele ya mkweo. Utamkaribisha, utamlisha ashibe, utamuuliza habari za ukoo mzima mpaka wakati wa kuondoka ufike. Nakuomba usifanye hivyo. Usimwambie umesahau. Mwambie ni wewe, kabla hajamaliza kuvua viatu. Atanuna, kisha itapita, mimi namfahamu. Ukikana, mimi nitakuwa mwongo nyumbani kwangu, nalo hilo nitalivumilia. Lakini kule nyuma ya ghala wameshafunga kila kitu isipokuwa kitanda.

Nisalimie majirani na wote wanaoniulizia. Nakupenda, na ninaogopa.

Ni mimi, kitinda mimba wako.