Gari la Marehemu Paskali Lilivyochinjwa

Karatu

Dada yangu Mwanaidi,

Shikamoo dada. Kifua kinaendeleaje na vumbi la huko Singida? Mimi mwili mzima, nakula, na bado niko kwenye gereji ya Mzee Tluway. Uliuliza kwa nini nimenyamaza. Kuna jambo limenikaa moyoni, sikujua nilianzie wapi.

Hapa palikuwa na mkulima wa ngano, Paskali. Alinunua gari la mashindano kwa mzungu wa shamba la kahawa aliyekuwa anahama nchi. Viti viwili, na la chini mpaka tumbo linakwaruza mawe. Alilipata kwa bei ya kutupa, maana mzungu ana haraka na wenyeji wanataka Landrova. Mchana mmoja alipanda nalo Ngorongoro. Dereva wa lori akamkuta ukingoni mwa kreta, ameketi ndani, ukungu umefunika vioo, injini inanguruma, mwenyewe ameshakata roho.

Mjane wake, Mama Tekla, akataka kuliuza. Nani anunue? Wa hapa wanaliogopa. Wa mbali wanauliza petroli iko wapi, na Jumapili mchana serikali imepiga marufuku kuendesha, ili kubana mafuta. Bei ikaporomoka mpaka watu wakawa wanaitaja kwa kucheka. Kisha mpaka wa Kenya ukafungwa, vipuri vikaadimika. Ndipo akaja mfanyabiashara wa Arusha, akalizunguka hapa gereji, akataja bei kubwa iliyomfanya Mzee Tluway avue kofia.

Mama Tekla akamwuliza, "Utaliendesha mwenyewe?"

"Hapana mama, nitalichinja. Likiwa zima halina anayelitaka. Lakini mjini kuna matajiri wenye magari kama hili, yamelala kwa kukosa kipuri. Kila mmoja atagombea kipande chake."

"Basi liache."

Mwaka ule jua likaunguza ngano. Yule bwana aliporudi, mama akakubali, nami nikapewa spana.

Dada, alikuja akaketi kwenye kiti cha mumewe. Nikafungua taa, nikatoa kabureta, nikashusha injini, yeye yumo tu, mikono kwenye usukani. Nilipoufikia nikasema, "Mama, samahani." Akauachia taratibu, kama mtu anayeachia mkono wa mgonjwa.

Miezi ikapita. Juzi juzi ukungu ulishuka mpaka barabarani, tukasikia ule mngurumo. Naujua, hukohoa kidogo kabla ya kushika gia. Likatokea gari jeupe kutoka Arusha, geni kabisa kwetu, ila injini ni ile ya Paskali. Mama Tekla alikuwa anauza maharage mbele ya gereji. Akasimama katikati ya barabara. Kijana aliyeendesha akafunga breki.

"Kuna nini, mama? Naenda hotelini, kule juu."

Mama akaweka kiganja juu ya boneti. "Nipeleke ukingoni."

Sijui kijana aliona nini usoni mwake. Alimfungulia mlango.

Alirudi jioni kwa lori. Nikamwuliza alikwenda kufanya nini.

"Nilishuka pale alipokutwa," akasema. "Nikamwambia mume wangu na yeye ashuke. Akashuka."

Tangu siku hiyo ametulia, hata sokoni anacheka. Mimi ndiye nisiyetulia. Kila gari linaloingia gereji naanza kwa kuchungulia kiti, nione kama kiko wazi. Wenzangu wananicheka.

Jana yule bwana wa Arusha alileta jingine, la bluu, la mtu wa Mbulu. Bei ni nzuri kuliko ya lile. Mzee Tluway akanipa spana. Nikaiweka mezani.

"Mzee, kutengeneza nitatengeneza. Kuchinja, tafuta mtu mwingine."

Akaichukua, akaitundika ukutani. Akinifukuza, utaniona mlangoni, usishtuke.

Msalimie shemeji Jumanne, baba mdogo Saidi na ng'ombe wake, na shangazi Zena anayefinyanga vyungu. Waambie niko hai, na uniombee dua, dada.

Ni mimi mdogo wako uliyenilea,
Hamisi