Springi ya Upande wa Dereva

Mama watoto,

Nimekwenda gereji kwa miguu. Chai iko kwenye chupa. Bibi akitaka kupanda gari, mwekeeni kigoda cha jikoni, maana sasa liko juu na magoti yake mnayajua.

~~Funguo nimeondoka nazo. Asiliguse mtu.~~

Alfajiri, mkiwa bado mmelala, mimi na binti yako tulimaliza kufunga zile springi ndefu za kuliinua gari. Nilipolishusha kwenye jeki, gari likalala upande mmoja kama mlevi. Nikasingizia ardhi. Akasema, "Baba, springi ya upande wa dereva ndiyo ndefu zaidi. Umezipachika kinyume. Imeandikwa kwenye karatasi ya maelekezo."

Nikamwambia mimi ni fundi miaka thelathini, sihitaji karatasi. Alilipiga jeki upya, akazifungua zote mbili na kuzirudisha inavyotakiwa. Mimi nilishika tochi. Ndiyo, cheka tu!

Sasa limesimama sawasawa. Weka glasi ya maji juu ya boneti ujionee.

Iliniuma, sikatai. Lakini leo gereji nzima itasikia habari zake, hata wasiouliza. ~~Wewe usimwambie, atavimba kichwa.~~ Mwambie.

Funguo ziko kwenye ndoano. Mpe yeye. Najua nilisema hataliendesha nikiwa hai. Alizungushe mtaani taratibu, kisha akaze tena nati za magurudumu.

Jioni aje kunichukua. Nitakaa kiti cha abiria.

Baba, mshika tochi